Reki na foklifti ya vichochoro vyembamba: shajara ya godauni moja la Nakuru

9 Julai 2024: Tulipoanzia

Godauni liko eneo la viwanda, Nakuru. Ndani mna chakula cha ng'ombe, mbolea ya magunia ya kilo 50, chumvi ya mifugo na katoni za mbegu za mahindi. Msimu wa kupanda ukikaribia, malori ya kutoka Mombasa hufuatana getini na hakuna pa kuweka kitu. Mizigo imepangwa sakafuni, paleti (vitako vya mbao vya kubebea mizigo) juu ya paleti, na foklifti ya dizeli ya tani 2.5 inajipenyeza katikati. Magunia ya chini hupasuka. Anayetaka mzigo wa mwezi uliopita sharti kwanza ahamishe wa wiki hii, kisha aurudishe.

Mzee mwenye godauni alitaka kujenga lingine kando. Bei ya mkandarasi ilipomfikia akabadili swali: tukiweka reki, yaani rafu ndefu za chuma, humu humu, zitaingia paleti ngapi? Msimu umepita, stoo imepungua, huu ndio wakati wa kujibu. Naandika kila hatua na pesa iliyotumika ili mwenye godauni la ukubwa huu kule Kisumu, Eldoret au Bungoma aone hesabu kabla hajamlipa mtu.

Vipimo: upana kati ya nguzo za jengo mita 16.4, urefu mita 30, kimo hadi chini ya kenchi mita 6.5, mlango wa mita 3. Paleti zetu ni za sentimita 120 kwa 100. Mzigo mzito kuliko yote ni mbolea, magunia 20, yaani tani moja. Mzigo mrefu kuliko yote ni chakula cha ng'ombe, mita 1.25 pamoja na paleti.

16 Julai: Hesabu ya upana

Watu huanza kwa kuuliza bei ya mashine. Tuanze na tepu.

Safu moja ya reki iliyoegemea ukuta inakula mita 1.3, ukihesabu mzigo unaochomoza mbele na nafasi ya nyuma. Safu mbili zilizopeana mgongo zinakula mita 2.5. Kinachobaki ndicho kichochoro, na upana wa kichochoro ndio unaokuambia ni mashine ya aina gani.

Foklifti ya kawaida, hii yenye uzito wa chuma nyuma, huingia mzimamzima pale inapogeuka kuukabili mzigo. Ya kwetu inataka mita 4. Ukipanga hivyo zinaingia safu nne tu, halafu zaidi ya mita 3 zinabaki ambazo hazitoshi safu nyingine na kichochoro chake. Ya umeme yenye magurudumu matatu hugeuka karibu zaidi, kama mita 3.3, lakini kwa upana wetu ingetupa safu tano tu, kichochoro cha mwisho kikigusa ukuta.

Richi traki ni habari nyingine. Dereva huketi kiubavu, mashine ina miguu miwili mbele, na mlingoti wenyewe, ile nguzo ya kuinulia, husogea mbele kuchukua mzigo kisha kurudi nao ndani kati ya magurudumu. Kwa kuwa mzigo hubebwa ndani ya mwili wa mashine, mita 2.7 hadi 3 zinatosha. Hesabu yetu: 16.4, toa 2.6 za kuta mbili, toa 5.0 za safu pacha mbili, inabaki 8.8. Gawa kwa tatu, kila kichochoro kinapata mita 2.93. Safu sita.

Foklifti ya kujikunja, kama Bendi na Flexi za Uingereza au Aisle-Master ya Ireland, ina kiungo kati ya mlingoti na mwili, hivyo mbele hugeukia reki huku nyuma ikibaki imenyooka. Inataka chini kidogo ya mita 2. Mwisho kuna ya tareti: gari huenda moja kwa moja na mikono ya kubebea paleti ndiyo inayogeuka kushoto na kulia. Hiyo hupita kwenye mita 1.6 hadi 1.8, ila huongozwa na reli au waya uliozikwa sakafuni, na sakafu yake lazima iwe sawa kama kioo.

Hapa ndipo tepu ilipotushangaza. Nilitarajia kwamba kichochoro kikizidi kuwa chembamba, paleti zitazidi kuongezeka. Kwa mita 16.4 si hivyo. Ya kujikunja ingetupa safu saba, kichochoro cha mwisho kikigusa ukuta na kuhudumia upande mmoja tu. Ya tareti nayo safu saba. Ya nane ingekosa sentimita 10 hata ukitumia kichochoro cha mita 1.6. Kila safu ina nafasi 20 kwa ngazi moja, na ngazi ni nne, kwa hiyo: foklifti ya kawaida paleti 320, richi 480, ya kujikunja au ya tareti 560. Kutoka 320 hadi 480 ni mruko. Kutoka hapo hadi 560 ungelipa bei ya mashine isiyo na fundi wala vipuri karibu, kwa safu moja. Godauni lingekuwa na mita moja zaidi ya upana, tungekuwa na mjadala mwingine.

Ya kujikunja ina sifa moja ambayo sitaificha: hufanya kazi ndani na nje. Richi haiwezi kushuka uani kwetu. Magurudumu yake ni madogo na magumu, yametengenezewa zege, na uani tuna murami. Kwa hiyo uamuzi wa richi ni uamuzi wa mashine mbili: dizeli inashusha lori na kuweka paleti mlangoni, richi inazipokea na kuzipandisha. Dizeli tunayo tayari, na ndicho kilichoishawishi kamati, yaani mimi, mzee na binti yake anayeshika vitabu.

5 Agosti: Jaribio la steka

Kabla ya kununua chochote, jirani alituazima steka ya umeme, ile ndogo ambayo mwendeshaji huenda nayo kwa miguu. Bei yake ni karibu nusu ya richi, hivyo mzee aliipenda mara moja.

Ilishindwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kibati, bamba dogo linaloandikwa uwezo wa mashine. Mbele imeandikwa kilo 1,500, na hapo ndipo wengi huacha kusoma. Chini yake kuna jedwali la kimo: kwa mita 4.5, kibati cha mashine ile kilisema kilo 650. Mbolea yetu ni tani. Kadiri mlingoti unavyopanda ndivyo uwezo unavyoshuka, na uwezo huo pia hutegemea katikati ya mzigo iko umbali gani kutoka shina la mikono, mara nyingi sentimita 50 au 60. Mashine nyingi hazibebi juu kabisa kile kilichoandikwa kwa herufi kubwa.

La pili, miguu yake iko chini kabisa ya mikono, kwa hiyo huingia pamoja nayo ndani ya paleti. Paleti zetu nyingi zina mbao za chini pande zote. Miguu iligonga ubao, paleti ikasukumwa nyuma, na gunia moja la juu likaanguka. Tukairudisha jioni hiyo.

28 Agosti: Kutafuta richi

Mitumba ya Japani ndiyo iliyojaa kwa wauzaji wa Nairobi na Mombasa. Nyingi ya richi tulizoonyeshwa ni zile za kuendesha umesimama, nadhifu na zinageuka vizuri, lakini milingoti yake inaishia mita 3 au 4. Sisi ngazi ya juu iko karibu mita 4.5 na unahitaji nafasi kidogo juu yake. Muuzaji mmoja alitaka kutushawishi tupunguze ngazi moja. Hilo lingekuwa kutupa paleti 120 ili ampate mteja.

Tulichochukua ni mtumba wa Ulaya: ya kuketi, tani 1.6, mlingoti wa sehemu tatu unaofika mita 6.2, na ukishushwa unapita chini ya mlango wetu. Jedwali la kibati linatoa zaidi ya tani moja kwa mita 5. Shilingi 1,900,000 hadi Nakuru, pamoja na chaja.

Kuhusu katalogi, angalia mchoro na si namba peke yake. Upana wa kichochoro huandikwa mara mbili: paleti ikiingizwa kwa upande mfupi na ikiingizwa kwa upande mrefu. Sisi tunaingiza sentimita 120 ndani ya reki. Namba hiyo pia huwa na sentimita 20 za usalama ndani yake, yaani 10 kila upande, ambazo ni chache kwa dereva aliyechoka saa kumi jioni.

23 Septemba: Sakafu

Hii ndiyo sehemu iliyotula muda na pesa tusizozipanga.

Mashine ilishushwa, ikaingia ndani bila mzigo, ikapita vizuri. Ikabebeshwa tani moja, ikavuka kiungo cha zege katikati ya godauni, tukasikia mlio wa kitu kinachokatika. Gurudumu la mguu wa kushoto lilikuwa limebanduka kipande cha mpira wake mgumu, kikubwa kama kidole gumba. Aliyetuuzia alikuwa ameiona sakafu na kusema itapita tu.

Foklifti ya dizeli ilikuwa ikivuka kiungo hicho kwa miaka bila mtu kulalamika, kwa sababu matairi yake ni makubwa na humeza shimo. Magurudumu ya mbele ya richi ni madogo, na yanabeba sehemu kubwa ya mzigo kwenye eneo dogo la zege. Kingo za viungo vyetu zilikuwa zimevunjika na kuacha mfereji.

Fundi alikuja na boksi la alumini, kama rula ndefu ya mita 3 iliyonyooka, na kabari ya mbao aliyoichonga mwenyewe, imepigwa alama za milimita ubavuni. Unalaza boksi sakafuni, unasukuma kabari kwenye uwazi hadi ikwame, unasoma alama. Tulichora kila kichochoro kwa chaki kabla reki hazijafika. Kwa tofauti za mbali tulitumia mpira wa maji wa kupimia usawa, na haukutudanganya hata mara moja.

Kwa nini milimita zihesabiwe? Kwa sababu mlingoti huzizidisha. Ikiwa gurudumu moja liko chini ya mwenzake kwa milimita 5 katika upana wa mita moja, kilele cha mita 5 kinainama milimita 25 upande huo. Nafasi kati ya paleti na nguzo ya reki ni sentimita 10 hivi. Ongeza gunia lililochomoza na mkono wa dereva, nafasi imekwisha. Kichochoro cha ukutani upande wa mashariki kilikuwa na mteremko wa milimita 9 kwa mita sehemu moja, pale maji ya mvua yalipokuwa yakiingia zamani. Udongo wa hapa Nakuru ni majivu ya volkano, na ukilowa hulegea chini ya zege. Kwanza tulirekebisha mfereji wa nje, la sivyo tungekuwa tunasawazisha sakafu inayoendelea kuzama.

Kazi yenyewe: kukata kingo zilizovunjika kwa mashine ya diski, kusafisha, kujaza viungo kwa epoksi ngumu, kusaga vilima, kumwaga tabaka la kusawazisha upande wa mashariki. Jaribio la kwanza la kujaza kiungo kwa saruji na mchanga lilidumu hadi richi ilipopita juu yake. Usijaribu. Shilingi 385,000 zote pamoja, na magurudumu mapya 58,000.

Mhandisi alitoboa zege mahali kadhaa kuona unene. Nguzo za katikati ya safu zinabeba kama tani 3 kwa kila mguu, kwa kuwa kati ya nguzo na nguzo paleti sita ziko juu ya boriti. Pale zege lilipokuwa jembamba alitaka bamba kubwa la chuma chini ya mguu. Hilo lilifanywa na mafundi wa jua kali, na bei yake nimeiunganisha na ya vizuizi vya nguzo hapo chini.

17 Oktoba: Reki, na boriti ya kwanza

Reki ziliingia haraka. Nafasi 480 kwa shilingi 6,500 kila moja, jumla 3,120,000. Nguzo zimefungwa sakafuni kwa bolti, na kila boriti ina pini yake ya usalama. Mkague pini hizo, vijana waliofunga walikuwa wameacha kadhaa kwenye sanduku.

Tatizo lilikuwa boriti ya kwanza. Mchoro wa muuzaji wa reki uliiweka mita 1.40 juu ya sakafu, na kwa mzigo wa mita 1.25 inaonekana sawa. Foklifti ya kawaida ingetoa paleti ya chini bila shida. Richi inaichukua paleti kwa mlingoti uliosogea mbele, na kabla ya kuirudisha ndani lazima iinyanyue ipite juu ya miguu yake mwenyewe, kwa mashine yetu kama sentimita 30. Mara ya kwanza magunia ya juu yalibanwa kwenye boriti na mawili yakachanika. Chakula cha ng'ombe kilimwagika mpaka chini ya mashine.

Tulipandisha boriti matundu matatu, kila tundu milimita 75, ikafika mita 1.625. Ngazi zote za juu zikapanda nazo, na paleti ya juu kabisa sasa inaishia karibu mita 6. Taa zilizokuwa zinaning'inia juu ya vichochoro zikahamishwa zikakaa sambamba na kenchi. Lau kimo cha jengo kingekuwa mita 6, tungepoteza ngazi nzima kwa sababu ya jambo hili moja. Mpe muuzaji wa reki jina la mashine kabla hajachora.

4 Novemba: Umeme na betri

Chaja inataka fezi tatu za volti 415. Godauni lilikuwa na fezi moja. Maombi, nguzo, mita na nyaya: shilingi 168,000, na subira.

Betri ni ya asidi, volti 48, seli 24 za volti 2. Wiki ya kwanza mashine ilikuwa inachoka saa nane mchana. Muuzaji alisema ni kawaida ya mtumba. Fundi wa betri alifungua vifuniko vyote, akaingiza kipimo cha uzito wa asidi katika seli moja moja baada ya kuchaji usiku kucha. Seli nyingi zilisoma karibu 1.28. Tatu zilisoma chini ya 1.16. Tukabadilisha hizo tatu kwa 66,000 badala ya betri nzima, na sasa tunamaliza siku.

Maji ya betri huongezwa baada ya kuchaji, si kabla, maana asidi hupanda inapochajiwa na kufurika. Maji ni yale yaliyotoneshwa, si ya bomba. Wakati wa kuchaji hutoka haidrojeni, ndiyo sababu chaja iko karibu na dirisha lisilofungwa na hakuna anayechomelea hapo. Na usikubali kuuziwa betri nyepesi ya bei nafuu: uzito wa betri ni sehemu ya kinachoizuia mashine isipinduke, na uzito wa chini unaotakiwa umeandikwa kwenye kibati.

Faida ambayo hatukuitafuta: chakula cha mifugo kimeacha kunuka moshi.

26 Novemba: Kazini

Opereta watatu wamefunzwa, 40,000. Wawili walikuwa madereva wazuri wa dizeli, na hilo liliwachelewesha. Richi hukunjia nyuma na dereva ameketi kiubavu, kwa hiyo mkono unaojua unajikuta unageuza upande usio wake. Aliyekuja mwisho, dada aliyekuwa karani wa stoo na hajawahi kushika usukani wa foklifti, ndiye aliyeizoea kwanza.

Tatizo lililobaki ni magunia. Kwenye karatasi kichochoro ni mita 2.93. Magunia ya chakula hutuna na kuchomoza sentimita 5 hadi 7 kila upande, kwa hiyo kichochoro halisi ni kama mita 2.8. Tulijaribu kuzungushia nailoni, ikasaidia katoni lakini si magunia. Kilichosaidia ni mpango wa kupakia: magunia yanafungamana kama matofali ya ukuta, kila tabaka likigeuzwa, na mdomo wa gunia unaelekezwa ndani. Kuna fremu ya mbao ya vipimo vya paleti pale wapakiaji wanapopangia. Kisichoingia kwenye fremu hakipandi reki.

Vichochoro havina njia ya kutokea nyuma. Amri ni moja: mashine ikiwa ndani, mtu kwa miguu haingii, na mnyororo wa plastiki unafungwa mdomoni. Nguzo za kona zimewekewa vizuizi vya chuma vya manjano, navyo pamoja na mabamba ya chini ni 72,000. Viwili vimekwisha kugongwa.

20 Januari 2025: Pesa, na yaliyobaki

Mashine 1,900,000. Reki 3,120,000. Sakafu 385,000. Umeme 168,000. Mabamba na vizuizi 72,000. Seli 66,000. Magurudumu 58,000. Mafunzo 40,000. Jumla shilingi 5,809,000. Ukitoa mashine na reki, mengine yote ni 789,000, na katika bajeti ya kwanza ya mzee yalikuwa sifuri.

Vumbi la hapa linaingia kwenye minyororo ya mlingoti na kugeuka msasa likichanganyika na grisi nzito. Fundi ametuhamishia mafuta mepesi ya mnyororo, yanayopakwa baada ya kupanguswa, kila Jumamosi. Mwezi ujao anakuja mkaguzi aliyeidhinishwa na DOSHS, idara ya serikali ya usalama na afya kazini, kukagua mashine zote mbili. Reki zetu tunazikagua wenyewe kila wiki kwa timazi. Nguzo moja ya safu ya tatu imepinda kidogo mbele, na paleti zilizo juu yake zimeshushwa hadi ibadilishwe. Nguzo mpya imeagizwa.

Malori ya mbolea yanaanza Februari. Nitaandika tena baada ya hapo, hasa kuhusu kama dizeli moja mlangoni inatosha kuilisha richi, au mlango ndio utakaokuwa foleni mpya.